Geuza bakuli kabla hujatoa hela

Juzi nimeletewa bakuli la maua mekundu, mwenye nalo ananiapia ni la enzi za Sultan Barghash aliyetawala Zanzibar, bibi yake alitunzwa nalo harusini, basi anataka laki mbili. Nikaligeuza. Chini lina mhuri wa yule mnyama mwili wa simba kichwa cha mtu, ndo alama ya kiwanda cha Petrus Regout kule Maastricht, Uholanzi, na hapo hapo pameandikwa Made in Holland. Stori ikafia palepale, maana Barghash kafariki 1888, na huu mtindo wa kugonga jina la nchi kwenye chombo ulishika kuanzia 1891, sheria ya ushuru ya Wamarekani ilipoanza kutumika. La bibi yake sawa, la Sultan hapana. Tukamalizana elfu sitini.

Huu mwaka wa nane nauza vyombo vya kale hapa Unguja, na kama kuna kitu kinanilisha basi ni huko kugeuza tu.

Ukishasoma mhuri ligonge na kucha. Bakuli zima linalia tiiing, lenye ufa linafanya kap, limeziba. Niliwahi kuchukua mabakuli sita usiku kwa taa ya simu, sijagonga hata moja, nafika nyumbani nayaloweka maji ya moto, gundi ikaachia, mawili yakabaki vipande mkononi. Elfu tisini hiyo, na muuzaji keshapanda boti ya Pemba.

Madele ya kahawa na masinia nayo yana yake. Mie natembea na sumaku mfukoni, shaba hainati, ikinata ujue ni chuma kimepakwa rangi ya shaba. Dele la shaba nyekundu lichungulie ndani, ule weupe ndo kalai, yaani bati lililopakwa ndani, ukiona imeisha usimwambie mteja achemshie kahawa mpaka litiwe upya. Halafu jamani kusafisha! Ndimu na chumvi shaba inawaka kama imetoka dukani leo, ila hawa wa mahoteli ya Mji Mkongwe wanautaka ule weusi weusi wa uzee, nshaharibu sinia moja kwa kulisugua na majivu nikidhani nalipandisha thamani, bei ikashuka nusu nzima. Siku hizi napangusa vumbi basi, mwenye harusi ndo anataka king'ae, na huyo namsugulia akishalipa.

Lile la maua kalichukua dada mmoja yupo Maskati, laki na thelathini. Nikamwambia kabisa si la Barghash, na urojo asitie humo, rangi za vyombo vya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na ni sumu. Akaniuliza sasa dada nilifanyie nini? Nikamjibu litundike ukutani, bibi zetu si ndivyo walivyokuwa wakifanya? Kanitumia picha, liko juu ya tivii.