Je, wajua kwa nini filamu moja ya vita humliza mmoja na kumchosha mwingine?

Desemba 1998 ilitoka nchini Marekani filamu ya vita iitwayo The Thin Red Line, na tangu wakati huo walioitazama hawajapatana. Wapo wanaoiweka juu ya filamu zote za vita walizopata kuziona. Wapo waliovumilia hadi mwisho huku wakijiuliza yale majani na ile minong'ono vilikuwa vya nini. Walio katikati ni wachache. Wote hao wameona picha zilezile, kwa mpangilio uleule. Imekuwaje?

Kusema kwamba kila mtu na ladha yake hakutufikishi mbali. Mgawanyiko huu una sababu, na nyingi zinaonekana ukiangalia namna filamu yenyewe ilivyojengwa.

Tuanze na kisiwa. Guadalcanal iko katika Visiwa vya Solomon, Bahari ya Pasifiki. Wamarekani walitua huko Agosti 1942 na mapigano yakaendelea hadi Februari 1943. Maelfu ya wanajeshi wa Japani walikufa pale, wengi kwa njaa na maradhi. Mmarekani James Jones alipigana katika kisiwa hicho, akajeruhiwa, na mwaka 1962 akatoa riwaya kuhusu kombania moja ya askari wa miguu. Ndiyo riwaya aliyoichukua mwongozaji Terrence Malick, ambaye hakuwa ametoa filamu kwa miaka 20. Wapenzi wakubwa wa sinema walikuwa na kiu naye. Watazamaji wengi wa kawaida hawakumjua. Wao waliona majina ya nyota kama John Travolta na George Clooney, wakanunua tiketi. Travolta anaonekana kwa dakika chache mwanzoni. Clooney anaingia filamu ikikaribia kwisha, anazungumza na askari, basi.

Wakati nao ulichangia. Miezi mitano kabla yake Steven Spielberg alikuwa ametoa Saving Private Ryan. Humo askari wanashuka ufukweni Normandy na kufyekwa mara tu lango la mashua linapofunguka, kisha inatolewa kazi inayoeleweka na kila mtu: mtafuteni askari fulani, mrudisheni kwao. Hadhira iliingia kwenye filamu ya Malick na kipimo hicho mkononi. Malick naye anawaonyesha askari wakisogezwa ufukweni ndani ya mashua, nyuso zimekakamaa kwa hofu. Lango linafunguka, wanakimbia, na adui hayupo. Ufukwe mtupu. Wanaingia msituni, wanapishana na mzee mwenyeji anayejipitia bila hata kuwageukia. Hadi mapigano yaanze, takriban robo tatu ya saa imeshapita.

Hata hivyo picha zenyewe haziendi taratibu. Kamera ya mpigapicha John Toll haitulii: inapanda kilima pamoja na askari, inateleza juu ya majani marefu, na wahariri wanaruka kutoka picha hadi picha bila kukawia. Kinachochelewa ni majibu. Filamu ya vita ya kawaida huendeshwa na swali la nini kitafuata, na kila picha hulipa deni la iliyotangulia: huyu kafyatua, yule kaanguka, mwenzake analipiza. Malick anaweka picha ambazo hazilipi deni lolote.

Chukua mwanzo wa mapigano kilimani. Luteni kijana anawaashiria kwa mkono askari wawili watangulie. Wanakwenda, milio inasikika, wanaanguka, majani yanawameza. Kimya. Tungetegemea kamera imtafute aliyefyatua. Badala yake wingu linasogea, mwanga wa jua unapita juu ya kilima, majani yanabadilika rangi, na kwa muda hakuna kingine. Baadaye, katikati ya mapigano, askari aliyelala chini ananyoosha kidole, anagusa kifauongo na kukitazama kikijikunja.

Mtazamaji aliyeshikilia swali la nini kitafuata huona filamu imesimama. Hajakosea, maana hadithi imesimama kweli. Akili yake inaendelea kungoja, na kungoja kisichokuja hurefusha dakika. Mwenzake aliyeliachilia swali hilo anaona jambo zito: watu wawili wamekufa sasa hivi, na kilima hakina habari. Kwangu mimi huo ndio wakati unaotisha kuliko yote katika filamu nzima, kuliko hata milipuko inayofuata, kwa sababu hauna wa kulaumiwa. Filamu nyingi za vita hutupa adui wa kumchukia ili hofu ipate pa kwenda. Hapa hofu inabaki na mtazamaji mwenyewe, na si kila mtu aliingia ukumbini akiwa tayari kuipokea.

Kisha kuna sauti. Filamu ina wasimulizi kadhaa, askari wanaojiuliza kimoyomoyo, kwa minong'ono, kuhusu uovu, upendo na kifo, na hakuna anayetambulishwa. Wengi humdhani msemaji wa mwanzo na wa mwisho kuwa ni Witt, yule mtoro mwenye macho ya upole aliyeigizwa na Jim Caviezel. Siye. Ni askari aitwaye Train, aliyeigizwa na John Dee Smith, ambaye sura yake huonekana mara chache sana. Mojawapo ni melini kabla ya kutua, akimweleza sajini jinsi anavyoogopa. Anayeipenda filamu huona maana katika mkanganyiko huo: maswali haya ni ya kombania nzima, na Witt mwenyewe anawaza kwamba huenda wanadamu wote wana roho moja kubwa. Asiyeipenda huona kero. Haeleweki nani anasema, na vijana wote wanawaza kwa lugha moja ya kishairi.

Lalamiko hili mimi nalipa uzito. Mtazame Nick Nolte akiwa Luteni Kanali Tall, mzee aliyepitwa na vyeo, akimfokea Kapteni Staros kwenye simu ili awapeleke watu wake kileleni moja kwa moja, na Staros akikataa amri hiyo mbele ya mashahidi. Onyesho hilo lina damu na nyama. Ukitoka hapo ukarudi kwenye minong'ono, mingine inaonekana nyembamba.

Kutokuwepo kwa shujaa mmoja nako hakukupangwa tangu mwanzo. Adrien Brody aliigiza akiamini kwamba mhusika wake, Koplo Fife, ndiye nguzo ya filamu, kama alivyo na nafasi kubwa riwayani. Alipoiona imekamilika, alikuta amebakiwa na maneno machache na uso wenye hofu. Billy Bob Thornton alirekodi usimulizi ambao haukutumika. Bill Pullman na Mickey Rourke walipigwa picha, wakaondolewa kabisa. Toleo la awali lilikuwa na urefu wa kama saa tano. Lililotoka halifiki tatu. Kilichopungua zaidi ni mazungumzo. Nyuso, upepo na muziki wa Hans Zimmer vikabaki.

Hata wahakiki wawili waliokuwa wakikaa pamoja kwenye televisheni ya Marekani, Gene Siskel na Roger Ebert, hawakuwa sawa. Siskel aliisifu kuwa filamu bora ya vita ya nyakati hizi. Ebert aliipa nyota tatu kati ya nne na kuandika kwamba waigizaji wanatengeneza filamu moja na mwongozaji anatengeneza nyingine. Sijasoma maelezo mafupi yanayoueleza mgawanyiko huu vizuri zaidi: anayemfuata Nolte na anayeufuata mwanga wa jua hawatazami kitu kimoja. Tuzo nazo ziliyumba. Ilishinda Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin mwaka 1999, ikapendekezwa kwa tuzo saba za Oscar, ikarudi mikono mitupu.

Baadhi ya watu hubadili maoni wakiitazama mara ya pili, na sababu haifichiki. Wanajua tayari kwamba kilima kitatekwa, wanajua Witt anaishia wapi. Swali la nini kitafuata limeshajibiwa, na macho yanapata nafasi ya kuangalia mwanga, nyuso na askari wa Kijapani waliokonda wakilia mbele ya waliowateka. Lakini kurudia hakumsaidii aliyekerwa na minong'ono. Huyo anataka Kanali Tall azungumze zaidi na Train anyamaze, na filamu ya namna hiyo, kama iliwahi kuwepo, iliishia mikononi mwa wahariri.