Si mwanachama, mbona unakatwa? Ada ya uwakala na uhuru wa mfanyakazi

Katika kazi yangu ya sheria za kazi, hakuna swali linalonijia kwa hasira kama hili: "Sijajiunga na chama chochote, mbona nakatwa?" Hasira hiyo naielewa. Kwa mshahara wa shilingi 800,000, makato ya asilimia 2 kwa ajili ya chama ni 16,000 kwa mwezi, yaani 192,000 kwa mwaka. Hizo ni sare na madaftari ya watoto.

Kwa Tanzania, jibu liko kwenye kifungu cha 72 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha uwe mwanachama. Ila chama kinachotambuliwa, chenye wafanyakazi walio wengi, kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama walipe ada ya uwakala, isiyozidi ile ya wanachama. Sababu ni kwamba mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, haubagui. Posho ya usafiri ikipanda, inapanda kwa wote, aliyechangia na asiyechangia.

Mwaka 2018, katika shauri la Janus, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtumishi wa umma asiye mwanachama asikatwe bila ridhaa yake, kwa kuwa kujadiliana na serikali kunagusa siasa. Hoja ni nzito, lakini kwetu sheria inataka ada hiyo iwekwe kwenye akaunti ya peke yake, itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa sehemu hiyo ya kazi, na isipelekwe kwa chama cha siasa. Kwa masharti hayo, mimi naiunga mkono.

Kinachonitia hofu ni chama kisichowajibika kwa wanaokichangia. Tumeshakiona. Mwaka 1964 TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, ilivunjwa, ikaundwa NUTA kwa sheria, chama kimoja tu cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, ndiye aliyekuwa Waziri wa Kazi. Mfanyakazi angemlalamikia nani?

Kwa hiyo ukikatwa, omba kwa maandishi nakala ya makubaliano ya uwakala na ya mkataba wa hali bora. Uliza pia matumizi ya akaunti ile. Kama wewe ni mwanachama na umechoka, toa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, makato ya uanachama yasimame; ila kama makubaliano ya uwakala yapo, ada ya uwakala bado unaweza kukatwa. Na kama hukuwahi kuridhia, wala makubaliano ya uwakala hayapo, mwajiri hana haki ya kukukata: peleka mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukiwa na hati zako za mshahara mkononi.