Ukimtoa mpenzi, muuaji anashikwa dakika ya 20

Kazi yangu ni kukata video za harusi, upande wa wanawake, hapa hapa Mombasa, huu mwaka wa 11 sasa. Ukikesha na mapenzi ya watu kwa kompyuta unajua kitu kimoja, uso wa bi arusi ukiingia hakuna anayetazama kingine, kwa hivo ukiwa na kitu cha kuficha, sijui wifi kanuna, sijui keki imelala upande, basi kipitishe sekunde hiyo hiyo.

Ndo nikazipenda hizi filamu za zamani za mapenzi na mauaji. Watu hudhani mapenzi yametiwa kupunguza ukali, kama sukari kwa ndimu. Hapana bwana, mapenzi ndo kificho chenyewe. Kipimo changu ni hiki: mtoe mpenzi kwa stori. Mpelelezi akiwa bado anahangaika, hiyo ni filamu ya polisi tu. Kesi ikiisha hapo hapo, hiyo ndo ninayoisema mimi.

Tazama Laura, ya 1944, aliyeiongoza ni Otto Preminger. Mwanamke kapigwa bunduki ya marisau usoni mlangoni mwake, mpelelezi (Dana Andrews) anakuja kuchunguza, anasoma barua zake, anafungua kabati la nguo, ananusa manukato, na juu ya meko ipo picha ya marehemu inamtazama tu. Mwisho anasinzia kitini chini ya ile picha, mlango unafunguka, na anayeingia ni Laura mwenyewe, mzima! Uso wa maiti ulikuwa umeharibika, kumbe aliyekufa ni mwanamke mwengine. Sasa yule aliyekuwa marehemu ndo mshukiwa na polisi keshampenda. Kuna sini anamkalisha kituoni na kumwashia mataa makali usoni, Laura akilalamika kidogo anayazima. Mimi hapo husimamisha nikarudisha nyuma, manake mkono ule kwa swichi ushamaliza maneno yote, huyu bwana hawezi tena kazi yake.

Na ile picha, kwa wanaopenda mambo ya ufundi, si ya kuchorwa. Ya kuchorwa ilikuwepo, Preminger akaikataa, wakachukua picha ya kamera ya Gene Tierney, yule aliyeigiza Laura, wakaikuza wakaipitisha rangi ya mafuta juu juu.

Hitchcock naye, muongozaji mwengine wa filamu, alikuwa na ufundi wake. Kwenye Suspicion (1941) Joan Fontaine ameolewa na Cary Grant, mume mtanashati, muongo, mwenye madeni, na mke anaanza kuhisi huyu ataniua. Usiku mmoja mume anapanda ngazi kwenye giza na gilasi ya maziwa kwenye sinia, na yale maziwa yanang'aa kupita kila kitu kwenye fremu, kwa sababu Hitchcock alitia balbu ndani ya gilasi. Balbu! Huna pa kuangalia pengine hata ukitaka. Riwaya ilikotoka filamu hii mume ni muuaji kweli, kwenye sinema mwisho wakaubadilisha, na mimi mwisho wenyewe sijawahi kuukubali, lakini Fontaine alichukua Oscar na alistahili.

Charade ya 1963 ni nyepesi, Paris, maiti, pesa zinazotafutwa na kila mtu, Audrey Hepburn hajui Cary Grant ni nani manake kila mara ana jina jipya. Grant alimzidi miaka 25 akaona haya, akataka binti ndo amkimbilie yeye. Filamu ilitoka bila ile alama ya hakimiliki, kwa hivo Marekani ikawa mali ya umma siku ile ile, na mtandaoni imejaa.

Lakini sisi wa pwani mbona twende mbali. Kwetu zilikuwa picha za Kihindi, hata taarabu ya Juma Bhalo imejaa tuni za huko, na khaloo wangu mpaka leo anakwambia hakuna iliyompita Woh Kaun Thi? ya 1964, ya Raj Khosla. Daktari anaendesha gari usiku, mvua kubwa, anamkuta mwanamke wa nguo nyeupe kasimama barabarani, anampa lifti, waipa zinagoma, kioo chote maji, na yule mwanamke anamuelekeza kulia, kushoto, kama anaiona njia vizuri tu. Wanafika makaburini. Baadaye daktari anaozwa mke asiyemjua, anafunua uso wa bi arusi, ni sura ile ile. Khaloo hapo hujifunika leso mpaka leo na keshaitazama mara ishirini.

Ndani ya filamu hiyo ndo kuna wimbo wa Lag Ja Gale, kauimba Lata Mangeshkar, muziki wa Madan Mohan. Mke anamuomba mume amkumbatie, huenda wasionane tena maishani, na mume kajitenga, hajui huyu ni mkewe ama ni jini. Sisi tunaotazama pia hatujui, ila wimbo mtamu, tushamuonea huruma, tushaacha kuuliza alikuwa wapi usiku wa mvua.

Wimbo huo maharusi wananiomba niuweke bi arusi anapofunuliwa uso. Wengi, karibu kila mwezi. Nauweka.