Mafuta na maji hayachanganyiki, sasa shaba inavukaje?

Watu wakisikia kwamba kule kwenye migodi ya Kolwezi (Kongo) na Chingola (Zambia) shaba inatolewa kwenye maji ya asidi kwa kutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, wengi wanabaki wanajiuliza inawezekanaje, na hapo ndio dhana potofu zinaanza kuzaliwa.

Dhana: mafuta ndiyo yanavuta shaba.
Ukweli: hapana kabisa. Ioni ya shaba, yaani chembe ya shaba yenye chaji ya umeme, imezungukwa na maji pande zote na haina sababu ya kuyaacha ikimbilie kwenye mafuta. Kazi inafanywa na kemikali iliyoyeyushwa humo, ya kundi la oksimu, kundi ambalo kiwandani lilianza kutumika 1968 kule mgodi wa Bluebird, Arizona, Marekani. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaopenda mafuta, kwa hiyo inajipanga yenyewe palepale mpakani mwa maji na mafuta, kichwa majini mkia mafutani. Shaba ikipita, molekuli mbili zinaikamata ioni moja na kuachia ioni mbili za haidrojeni ziende majini, halafu vichwa vinafichwa ndani mikia inabaki nje, basi kile kifurushi hakina tena kinachokishika kwenye maji, kinahamia kwenye mafuta. Mimi hii naona ni moja ya vitu vizuri sana kwenye kemia na inasikitisha mashuleni inapitwa kwa sentensi moja.

Dhana: ule mpaka ni ukuta uliotulia.
Ukweli: ukiangalia kwa macho unaona mstari umenyooka, lakini unene wake ni kama nanomita moja hivi, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, na muda wote unacheza, molekuli zinaingia na kutoka.

Dhana: ongeza kemikali, spidi ya shaba kuvuka itapanda tu.
Ukweli: nafasi pale mpakani ina kikomo. Ikishajaa, kemikali unayozidisha inaongeza shaba ambayo mafuta yanaweza kubeba ila spidi haipandi kwa kiwango kilekile, tena mafuta yanakuwa mazito na yanachelewa kujitenga.

Dhana: koroga kwa nguvu zote.
Ukweli: hii ina ukweli nusu ndio maana inadanganya wengi. Lita moja ya mafuta ukiivunja kuwa matone ya kipenyo cha milimita 1 unapata uso wa mita za mraba 6, ukifika milimita 0.1 unapata 60, kwa hiyo kweli shaba inavuka haraka. Shida inakuja kwenye tangi la kutulizia, matone madogo sana hayaungani upesi, mengine yanaondoka na maji na kemikali ya bei kali inapotea hivyo hivyo. Na kama kuna vumbi laini la udongo au silika ndio balaa, linaganda kwenye uso wa matone linazuia yasiungane, katikati linajengeka tabaka zito la uchafu ambalo mafundi wanalichukia kweli, maana linaweza kusimamisha kazi.

Dhana: shaba ikishakamatwa haitoki.
Ukweli: inatoka, na inatokea mpakani vilevile. Mafuta yanakutanishwa na asidi ya salfa kali, mara nyingi kama gramu 180 kwa lita, haidrojeni inarudi kwenye molekuli na shaba inaachiwa, mafuta yanarudishwa mwanzo kukamata nyingine, na shaba inaenda kwenye umeme inatoka bamba la shaba safi kwa asilimia 99.99.