Rehani na sato katika maji yale yale: hesabu huanzia kwenye chakula cha samaki

Watu wanaotaka kuanza akuaponiki huniuliza kwanza idadi: samaki wangapi kwa miche mingapi? Mimi huwarudishia swali jingine: kila siku utawapa samaki wako gramu ngapi za chakula? Ukiacha madini machache yaliyomo katika maji ya kujazia, karibu kila kirutubisho kinachofika kwenye jani la rehani kimeingia kupitia mdomo wa samaki. Kwa hiyo chakula hicho ndicho mbolea, na ndicho kipimo ambacho vipimo vingine vyote hukifuata. Ninaandika haya nikiwa na ukanda wa pwani akilini, hasa Dar es Salaam na viunga vyake, ambako joto ni kali karibu mwaka mzima, maji ya visima vingi ni magumu, na majani ya viungo yanatakiwa hotelini na mikahawani yakiwa mabichi.

Akuaponiki ni ufugaji wa samaki na kilimo kisichotumia udongo, vikiunganishwa na maji yanayozunguka bila kumwagwa. Sato anapokula, sehemu kubwa ya nitrojeni iliyomo katika protini ya chakula chake hutoka mwilini kama amonia, hasa kupitia matamvua, na amonia hiyo ikilundikana humuua. Bakteria wa jamii ya Nitrosomonas huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine, wakiwemo Nitrospira na Nitrobacter, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mmea huitumia kujenga majani. Ukichukua kokoto moja kutoka kwenye kitalu kilichokomaa, yaani kile cha kokoto ambamo mimea hupandwa, na kuisugua kwa kidole gumba, utahisi utando mwembamba wa rangi ya kahawia unaoteleza, usio na harufu mbaya, ukinukia kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Bakteria hao wanaishi ndani ya utando huo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mfugaji wa akuaponiki ana mifugo ya aina mbili, na ile isiyoonekana nayo hudhurika maji yakikosa hewa au yakitiwa dawa.

Kundi la bakteria huchukua muda kujijenga, kwa joto letu kwa kawaida wiki 3 hadi 6, na muda huo tangi halihitaji kuwa na samaki hata mmoja. Tia punje chache za chakula cha samaki zioze, zungusha maji, pima amonia, nitriti na nitrati kwa vipimo vya matone, na subiri amonia na nitriti zishuke hadi karibu na sifuri huku nitrati ikipanda. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku moja au mbili, yakipulizwa hewa, kabla ya kuingizwa. Anayetia vifaranga siku ya kwanza anawaweka katika maji ambayo hayana namna ya kujisafisha.

Sasa hesabu yenyewe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linapendekeza, kwa mboga za majani, gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita 1 ya mraba ya kitalu. Tuseme una kitalu cha mita 10 za mraba na unachukua gramu 45: unahitaji kulisha gramu 450 kila siku. Sato waliokwisha kuvuka hatua ya vifaranga hula takriban asilimia 2 ya uzito wao kwa siku, kwa hiyo gramu 450 zinadai kilo 22 au 23 za samaki. Katika mfumo mdogo sishauri kupita kilo 15 katika lita 1000 za maji, na hivyo tangi la lita 1500 linatosha, ingawa mimi ningeweka la lita 2000 ili maji yabadilike joto na kemia polepole zaidi. Chakula chenye protini asilimia 32 kina nitrojeni takriban asilimia 5, kwa maana ya gramu 23 hivi kwa siku, na samaki hubakiza mwilini chini ya theluthi moja. Kinachobaki ndicho bajeti ya rehani yako.

Ugumu ni kwamba samaki wanakua. Ukitia vifaranga wote siku moja na kupanda miche yote siku moja, mwanzoni miche itanyimwa, na mwishoni maji yatajaa nitrati wakati kitalu kimevunwa na kubaki kitupu. Dawa yake ni kupanda kwa awamu kila wiki, na kuwa na samaki wa rika mbili au tatu katika matangi tofauti, ili jumla ya chakula cha siku isiyumbe. Hili lilionekana vizuri katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, kwenye kisiwa cha St. Croix huko Karibi, ambako James Rakocy na wenzake waliendeleza mfumo wa vyelezo, yaani vibao vinavyoelea huku mizizi ya mimea ikining'inia majini, tangu miaka ya 1980. Walipolinganisha rehani ya akuaponiki na ile ya shambani, mavuno yalikuwa takriban kilo 2 kwa mita ya mraba dhidi ya kilo 0.6, lakini rehani iliyopandwa yote kwa mkupuo mmoja ilifikia hatua ya kuonyesha dalili za njaa ya virutubisho, kwa kuwa mimea yote ilikuwa katika ukuaji wa kasi kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu matokeo hayo yana manufaa zaidi kwa mkulima wa kitalu kidogo kuliko takwimu zozote za faida.

Majani ya viungo yanaufaa mfumo huu kuliko nyanya au pilipili kwa sababu mmea hauhitaji kuzaa, unachouza ni jani, na jani ni nitrojeni zaidi ya kitu kingine. Hata hivyo si kila kiungo kinafaa pwani. Rehani ya majani mapana, ile inayotafutwa na wapishi wa hoteli, naiweka ya kwanza: mbegu huota ndani ya wiki moja hivi, miche husimama vizuri katika nafasi ya sentimita 20, na ukikata juu ya jozi mbili za majani shina huchipua mara mbili. Mrehani wetu wa asili, unaoingia kwenye vikuba pamoja na asumini, hukua vizuri vilevile. Nanaa inapenda maji kupita kiasi. Mizizi yake husafiri ndani ya mabomba na kuyaziba, hivyo ipewe trei yake yenyewe. Kotimiri huchanua mapema joto likizidi, na mimi huipanda miezi ya kipupwe tu, Juni hadi Agosti. Mchaichai huishi miaka katika kitalu cha kokoto. Rozmari haipendi mizizi yenye maji muda wote, na mahali pake ni kwenye chungu cha udongo wa kichanga.

Jambo linalowasumbua wakulima wa pwani kuliko wanavyotarajia ni pH, kipimo cha asidi ya maji: kadiri namba inavyoshuka, asidi inazidi. Bakteria hupendelea maji yenye pH ya 7 kwenda juu, rehani hupendelea chini ya 6.5, sato huvumilia yote mawili, na maafikiano yako kati ya 6.5 na 7. Kazi ya bakteria huzalisha asidi, kwa hiyo maji laini hushuka yenyewe na kuhitaji chokaa kidogo au kaboneti ya potasiamu, ambazo zinaongeza pia kalisi na potasiamu, madini yanayopungua katika chakula cha samaki. Lakini maji ya kisima yaliyopita kwenye miamba ya matumbawe, kama yalivyo Unguja na sehemu nyingi za mwambao, hukataa kushuka na hukaa kwenye 7.8 au 8 kwa miezi. Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Amonia huwa kali zaidi: kwenye pH 7 sehemu iliyo sumu haifiki asilimia 1, kwenye pH 8 huwa karibu mara kumi ya hapo. Na chuma hujifunga, mmea usiweze kukinywa. Upungufu huo wa chuma utauona kwenye majani machanga ya juu kabisa: jani linageuka manjano iliyofifia, karibu nyeupe, huku mishipa yake ikibaki kijani kibichi kama imechorwa kwa kalamu, ilhali majani ya chini yako salama. Manjano ikianzia chini, tatizo ni nitrojeni, na jibu ni chakula zaidi au miche michache zaidi.

Kwa upungufu wa chuma, tumia chuma cha keleti, yaani kilichofungwa ndani ya kiambata kinachokifanya kibaki kimeyeyuka majini, aina ya DTPA, ambacho hufanya kazi hadi pH ya 7.5 hivi, kiasi cha miligramu 2 kwa lita kila baada ya wiki tatu. Aina ya EDTA ni nafuu lakini kwenye maji yetu huharibika mapema. Kushusha pH, changanya maji ya kisima na maji ya mvua yaliyovunwa wakati wa masika, au tumia asidi ya fosforasi katika pipa la akiba na kuyaingiza maji hayo kidogo kidogo. Asidi isimwagwe kamwe moja kwa moja kwenye tangi la samaki. Kisima chenye chumvi ni shida nyingine kabisa: sato ataishi, lakini sodiamu haina pa kutokea katika maji yanayozunguka, na chakula cha samaki chenyewe huongeza chumvi kila siku, hadi kingo za majani zinaungua.

Joto na hewa ni jambo moja. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, na samaki, bakteria na mizizi wote wanaidai. Shabaha yangu ni kutoshuka chini ya miligramu 5. Sato hukua vizuri kwenye nyuzi 27 hadi 30, lakini mizizi ya rehani katika maji ya nyuzi 32 huanza kuwa kahawia na kuoza, na kuvu wa maji aina ya Pythium huingia. Ndiyo maana tangi liwe kivulini, mabomba yasianikwe juani, na juu ya kitalu pawe na neti. Saa mbaya zaidi ni alfajiri. Ukikuta samaki wamekusanyika juu wakipiga midomo hewani, usiwalishe. Ongeza hewa kwanza. Umeme ukikatika usiku, tangi lililojaa samaki linaweza kuishiwa oksijeni ndani ya saa chache, kwa hiyo pampu ndogo ya hewa yenye betri ni kifaa cha lazima, na ninaiweka mbele ya paneli ya sola kwenye orodha ya manunuzi.

Kinyesi kigumu kiondolewe. Kitalu cha kokoto hujichuja chenyewe kama samaki ni wachache, lakini ukitumia vyelezo, chujio la kutuamisha taka ni la lazima, kwa kuwa chembe hizo hushika kwenye mizizi na kuinyima hewa. Tope linalotoka ni mbolea nzuri ya migomba na michicha iliyo kwenye udongo.

Wadudu wapo: vidukari, inzi weupe, utitiri. Dawa za jamii ya pareto, zile za kawaida dukani, huua samaki kwa kiasi kidogo sana, na sabuni huharibu matamvua, hivyo kazi inabaki kwa neti, kuosha majani kwa maji, kung'oa mche ulioshambuliwa, na bakteria wa Bt (Bacillus thuringiensis), dawa ya kibiolojia, kwa viwavi. Pia sikubaliani na kupachika banda la kuku au bata juu ya tangi, utaratibu ambao unafahamika kwenye mabwawa. Rehani huliwa mbichi, na kinyesi cha ndege hubeba vimelea kama Salmonella.

Nimeulizwa kama mfumo huu kweli ni endelevu. Kwa upande wa maji jibu ni ndiyo bila shaka, kwani kinachopotea kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 3 kwa siku. Kwa upande wa chakula jibu langu lina masharti. Vyakula vingi vya samaki na vya kuku katika nchi zetu hutegemea dagaa wa Ziwa Victoria, ambao ni kitoweo cha watu wa kipato kidogo, na kumgeuza dagaa kuwa sato wa mjini si maendeleo ya kujivunia. Sato si mla nyama. Hukua kwa mashudu ya alizeti, soya na funza wa nzi askari mweusi, ambao huzalishwa kwa mabaki ya sokoni na wanaweza kuchukua nafasi ya sehemu nzuri ya unga wa dagaa. Mwulize mwuzaji wako mfuko umetengenezwa kwa nini kabla ya kuuliza bei.

Jambo la mwisho linahusu samaki wenyewe. Nunua vifaranga madume watupu, la sivyo tangi litajaa watoto wasiokua. Sato si wa asili katika mito ya pwani, na anapotoroka huzaana na perege wenyeji, akiwemo perege wa Rufiji na yule wa Pangani, Oreochromis jipe, ambaye tayari yuko hatarini kutoweka. Bomba la kumwagia maji lifungwe wavu wenye matundu madogo kuliko kifaranga, na anayefuga karibu na bonde la Rufiji afikirie kumfuga perege wa huko huko, Oreochromis urolepis. Hukua polepole kuliko sato, lakini kwa kuwa mapato makubwa ya mfumo yanatoka kwenye rehani, na miche inahitaji tu chakula kiliwe kila siku, tofauti hiyo inabebeka.