Joto likipanda, maiseli zinakua au zinasinyaa?

Watu wanaopika sabuni ya maji nyumbani wananiuliza sana hili, mbona asubuhi imeshika vizuri, nzito kabisa, halafu saa nane mchana inamwagika kama uji mwepesi na usiku inarudi tena? Wengi wanadhani wameuziwa slesi (ile kemikali ya kusafisha na kutoa povu, SLES) iliyochakachuliwa. Jamani, slesi iko vilevile, zilizobadilika ni maiseli.

Molekuli ya slesi ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta unaoyakimbia, zikiwa nyingi majini zinakusanyika mikia ndani vichwa nje, na hicho kifungu ndo maiseli. SDS, kemikali ya kusafisha ndugu yake ambayo mi nashinda nayo maabara, kwenye maji matupu ya nyuzi 25 inaanza kujikusanya ikifika kama milimola 8 kwa lita, na kila maiseli inabeba molekuli kama 60 hivi, upana wake nanomita 4 tu. Ukipasha, molekuli ndani ya kila maiseli zinapungua kidogo, si sana.

Chumvi ndo inaleta mambo. Vichwa vina chaji hasi vinasukumana, chumvi inaituliza hiyo chaji, vinasogeleana na maiseli ya mviringo inarefuka kama mnyoo, sasa minyoo mirefu ikijisokota pamoja ndo ule uzito unaoutafuta. Ila kila mnyoo una ncha mbili, na pale nchani molekuli zinakaa kwa shida. Kwenye baridi zinaikwepa hiyo shida kwa kuungana ziwe ndefu, joto likija zinaimudu, kwa hiyo minyoo inakatikakatika. Watafiti Mazer, Benedek na Carey walipima hili kwa leza mwaka 1976, SDS yenye chumvi nyingi, maiseli zikawa kubwa kwenye baridi na kusinyaa kadiri nyuzi zilivyopanda. Kwa hiyo tafadhali usiongeze chumvi mchana eti uzito umepotea! Ikizidi sabuni inalainika moja kwa moja au inapata ukungu kama wingu, na hapo hata usiku haikurudishii kitu. Acha ipoe, ndo upime, na uandike ilikuwa nyuzi ngapi.

Safakitanti (molekuli za kusafisha kama slesi na SDS) zisizo na chaji zinaenda kinyume kabisa na hapa hata wanafunzi wangu wa kemia wanateleza. Mfano ni Triton X-100, kichwa chake ni mnyororo mrefu ulioshikilia maji, ukipasha yale maji yanaachia, kichwa kinapungua nafasi, maiseli zinakua na zinaanza kuvutana, mpaka kwenye nyuzi 65 hivi chupa nzima inapata ukungu, nyeupe kama tui. Ikipoa inang'aa tena.

Kwa wanaopima ukubwa wa maiseli kwa leza, mashine inaangalia maiseli inatembea haraka kiasi gani kisha inapiga hesabu kwa joto na mnato wa maji, yaani uzito wake wa kutiririka. Kwenye nyuzi 25 mnato ni 0.89 mPa·s, kwenye 50 ni 0.55, sasa ukipasha sampuli mpaka 50 ukasahau kubadilisha joto na mnato kwenye programu, maiseli ambayo haijabadilika hata kidogo itaonekana imebaki zaidi ya nusu kidogo tu. Na kwa Triton ukikaribia ule ukungu namba inapaa, lakini sehemu ya huko kupaa ni maiseli kuvutana na kutembea kwa makundi, sio kukua. Pima pia mbali na ukungu, na kwa viwango kadhaa vya ukolezi, kabla hujaandika kwamba zimekua.