Kufuta programu na kuiweka upya hakuiponyi: wahusika wenu, apdeti na kukrashi

Wiki hii amekuja mteja wa tatu. Laptopu kwapani, chaja inaning'inia, na maneno yaleyale kama vile wamekubaliana njiani: "Fundi, programu yangu ya wahusika inakrashi tangu niiapdeti, nimeifuta nikaiweka upya mara nne bado tu, we nipigie Windows mpya." Nipo hapa Mianzini, Arusha, natengeneza kompyuta, na Jumapili nacheza Dungeons & Dragons na masela wa Njiro, ule mchezo wa mezani ambao kila mmoja anamtunga mhusika wake na kumkuza levo kwa levo, na kuna programu za kompyuta za kuwatunzia wahusika hao, kwa hiyo hili jambo linaniuma kama fundi na linaniuma kama mchezaji, maana najua mhusika uliyemlea mwaka mzima mpaka akafika levo ya tisa ana uzito gani kwako. Naomba tuelewane, nalisema lote hapa, na wewe ukimsikia mwenzako anarudia mwelekeze.

Dhana inayonichosha kuliko zote ndo hiyo hiyo, kwamba ukiifuta programu na kuiweka upya unakuwa umeanza na kitu kipya. Huanzi na kitu kipya. Kwenye Windows programu inakaa sehemu moja na vitu vyako vinakaa sehemu nyingine kabisa. Programu yenyewe iko Program Files. Wahusika wako, setingi zako, vitabu vya kanuni ulivyowasha, silaha na uchawi mliojitungia wenyewe, hivyo vyote viko AppData, ndani yake kuna Roaming na Local, au viko ProgramData, au Documents, inategemea na aliyeitengeneza. Ukibonyeza kufuta kinachoondoka ni kile cha Program Files, vile vyako mara nyingi vinaachwa, na vinaachwa kwa makusudi kabisa maana bila hivyo kila anayebadilisha toleo angepoteza wahusika wote. Sasa we unairudisha programu, inawaka, kitu cha kwanza inachofanya ni kwenda kusoma folda ileile yenye faili lilelile bovu, inaanguka palepale. Ugali unatoka na mchanga, unabadilisha sufuria, unabadilisha mwiko, unabadilisha na jiko, unga hujaugusa.

Nadhani najua hii imani imetoka wapi, imetoka kwenye simu. Kwenye Android ukiondoa app, data yake iliyokaa ndani ya simu inaondoka nayo, kwa hiyo ukiirudisha mara nyingi kweli inaanza upya kabisa, na watu wengi siku hizi wamejulia simu kabla ya kompyuta. Lakini laptopu haifanyi kazi hivyo, na wale wa simu nao wawe makini kwa sababu hiyohiyo, kufuta kashe, yaani vile vitu vya muda tu, ni salama, kufuta data ni kuwafuta wahusika wote ambao hawajahifadhiwa kwenye seva.

"Sasa fundi kama faili ni bovu mbona kabla ya apdeti lilikuwa linafunguka vizuri?" Hili ndo swali zuri, na ningefurahi watu waliulize zaidi kuliko kukimbilia kufuta. Kuna sababu mbili ninazokutana nazo sana. Ya kwanza, toleo la zamani lilikuwa linavumilia makosa. Faili lina alama ya kufungia imesahaulika, programu ya zamani inaruka mstari inaendelea, programu mpya imeandikwa kusoma kwa ukali, ikikuta hiyo alama haipo inasimama. Kwa hiyo kosa lilikuwepo siku zote, apdeti imelifichua tu. Ya pili, majina yamebadilika. Faili la mhusika halibebi maelezo yote ya uchawi wake, linabeba jina au namba ya kuutafutia kwenye data ya kanuni, sasa waliotengeneza wakibadilisha hilo jina, mhusika wako anaomba kitu ambacho hakipo tena, programu inarudi mikono mitupu, na kama aliyeiandika hakuiandalia hali hiyo inakrashi. Chukua mfano wa Dungeons & Dragons yenyewe, toleo la tano lilitoka 2014 na kitabu kipya cha mchezaji kikatoka 2024, hapo katikati asili ya mhusika ikapewa jina la spishi, na zile pointi za kuongezea uwezo zikahama kutoka kwenye asili zikaenda kwenye historia yake ya maisha. Kwenye karatasi unafuta kwa raba unaandika upya, lakini kwenye data hiyo ni nyumba imehamishwa milango, na mhusika uliyemtengeneza kwa kanuni za 2014 bado anagonga mlango wa zamani.

Ubaya wa hii imani hauishii kwenye kupoteza bando, ingawa bando nalo linauma, kushusha mafaili yale mara nne mtu wa bando la wiki ameliwa. Ubaya ni hatua inayofuata. Mtu akishafuta mara nne haijapona anaambiwa na rafiki "futa KILA kitu kabisa", anatafuta kile kiprogramu cha kusafisha kompyuta, kinasafisha mpaka AppData, na kweli programu inawaka vizuri, nyeupe kabisa, bila mhusika hata mmoja. Kuna chalii wa Sakina alikuja kwangu akiwa ameshafika hapo. Kampeni, yaani hadithi moja waliyokuwa wanaicheza, ya miaka miwili, wahusika sita maana yeye ndo msimamizi wa mchezo, na bakapu, yaani nakala ya akiba, hana. Nilijaribu kurudisha mafaili na programu za kuokolea, lakini alikuwa ameshashusha vitu vingi juu yake na diski ni SSD, kwenye SSD Windows kawaida ikishafuta inaiambia diski hizo sehemu ziko wazi na diski inazisafisha yenyewe, basi. Alikaa pale kwenye benchi hakuongea muda mrefu. Mafaili yale yalikuwa mazima karibu yote, bovu pengine lilikuwa moja tu, ndo maana naandika kwa hasira.

Kwa hiyo ushauri wangu, na nautoa kwa kila mtu mpaka wengine wananicheka: USIFUTE, BADILISHA JINA. Funga programu, angalia kwenye Task Manager kweli imefungwa, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %appdata% ubonyeze Enter, maana folda hiyo imefichwa ukiitafuta kwa macho hauioni. Tafuta folda ya programu yako, ibadilishe jina iwe vilevile ila mwishoni ongeza _zamani. Usipoiona hapo jaribu %localappdata%, jaribu na %programdata%. Afu washa programu. Ikiwaka vizuri umejua tayari tatizo liko kwenye data yako, programu haina kosa na Windows haina kosa, na hujapoteza kitu chochote, vyote viko kwenye _zamani. Ikikrashi bado, ndo hapo sasa ukitaka ifute uiweke upya, nakuruhusu, au niletee. Dakika mbili hazifiki, bando hutumii hata kidogo.

Programu za kizamani kidogo zina kona nyingine ya kujificha, zile zilizozoea kuandika vitu humohumo Program Files, Windows tangu enzi za Vista inazizuia na kuyapeleka mafaili yao kimyakimya kwenye folda inaitwa VirtualStore ndani ya Local, watu wanahangaika wiki nzima kumbe mafaili yapo pale.

Ukishajua ni data unagawa nusu kwa nusu. Dada mmoja alikuja kutoka Moshi, kilomita 80 na laptopu kwenye kikoi, ana mafaili 40 ya vitu vya kujitungia, yeye na binamu zake wametunga mpaka silaha za kizamani za kule kwao. Ameambiwa ajaribu moja moja. Nikamwambia dada yangu kaa hapo, tunarudisha 20, inawaka? Inawaka. Basi bovu liko kwenye 20 zile nyingine, tunarudisha 10, inakrashi, haya liko humu, tano, inaendelea hivyo, mafaili 40 hayazidi raundi sita ukifika kwenye lile moja. Tukalifungua na Notepad. Mkuki. Binamu yake aliandika maelezo ya ule mkuki akasahau kufunga alama za kunukuu. Tukaongeza kialama kimoja, tukasevu, programu ikawaka na mafaili yote 40. Ndo kukrashi kwote kulikokuwa kunamfanya atake kununua laptopu nyingine.

Mengine nayapitia harakaharaka.

"Imeandika memory, RAM imekufa." Hapana, soma vizuri. Ile namba 0xc0000005 maana yake programu imejaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa, na mara nyingi chanzo ni kosa kwenye programu yenyewe au faili bovu. RAM ikiwa mbovu kweli haitachagua programu moja, utaona na kivinjari kinaanguka na skrini ya bluu inakuja. Kama una wasiwasi andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, Windows itaipima yenyewe bure. Na usikimbilie kuongeza RAM kwa ajili ya hili, programu ya biti 32 kwa kawaida inapewa GB 2 za kutumia hata ukiwa na GB 16.

"Ni virusi." Kila kitu virusi. Mara nyingi ni antivairasi ndo imelichukua faili jipya la apdeti ikalifungia kwa sababu hailijui, nenda kaangalie kwenye karantini yake kabla hujamlaumu aliyekukopesha flashi.

"Nikirudi toleo la zamani kila kitu kinarudi." Inategemea, na kawaida inategemea kitu ambacho watu hawakukifanya. Toleo jipya likishamfungua mhusika na kumsevu, limemwandika kwa mpangilio wake, la zamani halimwelewi tena. Foundry kwa mfano, ile programu ya kuchezea michezo hii kwenye kompyuta, dunia yako, yaani kampeni yako nzima iliyomo, ikishahamishwa kwenda toleo kubwa jipya hairudi nyuma, ndo maana wenyewe wanasisitiza ufanye bakapu kwanza, na wanaweka na namna ya kuiwasha ukiwa umezima moduli zote, yaani vile vinyongeza, ili ujue kama mkosaji ni moduli. Kurudi nyuma kunawezekana kwa aliyenakili folda kabla ya apdeti.

"Nimezima na kuwasha mara kumi." Umezima vipi? Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza kuzima sehemu ya Windows inalazwa tu haizimwi, ukiwasha inaamka na yaleyale. Bonyeza Restart, hiyo ndo inaanza kweli.

"Wahusika wamepotea maana hawaonekani." Angalia kwanza kama Documents zako zimehamia OneDrive, watu wengi wamekubali bila kujua, na faili lenye alama ya wingu halipo kwenye laptopu liko mawinguni, siku bando limeisha programu inalitafuta hailipati. Bonyeza kulia kwenye folda, chagua libaki kwenye kifaa hiki siku zote.

"Umeme ulikatika katikati ya apdeti, basi imejifuta." Haijajifuta, imekaa nusu, mafaili mengine mapya mengine ya zamani, na kwa kesi hii pekee kuifuta na kuiweka upya ndo dawa yenyewe. Naona mnavyotabasamu. Ndiyo, kuna siku inafaa, ni hiyo, pale ambapo programu yenyewe ndo imeharibika. PCGen nayo, programu ya kutengenezea wahusika, kwa vile imeandikwa kwa Java, Java ikiwa sio toleo inalolitaka haiwaki, lakini wahusika wake ni mafaili ya .pcg, maandishi matupu, unaweza kuyafungua hata na Notepad ukamwona mhusika wako yuko salama kabla hujapaniki.

Ukiwa unaniletea laptopu, kuna kitu kimoja kinaokoa nusu ya muda wangu na nusu ya hela yako. Andika perfmon /rel kwenye ile Windows na R, itafunguka kalenda, tafuta siku yenye alama nyekundu, bonyeza, soma jina la moduli iliyoanguka, hapa ni kile kipande cha programu kilichosababisha, piga picha na simu. Nikiona jina la faili la kadi ya video nitajua ni draiva, yaani kile kiprogramu kinachoiendesha kadi, nikiona jina la programu yenyewe nitaanza na data yako, nikiona Java au .NET, vile ambavyo programu nyingine zinavitegemea ili ziwake, nitajua niende wapi. Wengi wanakuja na "ilitokea kimaandishi nikabonyeza OK". Usibonyeze OK kabla hujapiga picha, na ile folda ya _zamani njoo nayo kama ilivyo.